Karatasi ya Miiko Haipiki Uji

Mtu aliyemaliza matibabu ya saratani akirudi nyumbani, kinachompokea mezani ni marufuku. Dada kasikia kwa jirani kwamba sukari ni sumu. Mjomba katuma ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuhusu nyama nyekundu. Shemeji kaleta fungu la majani ya mstafeli. Hospitali nayo, kama imempa chochote kuhusu chakula, imempa karatasi moja yenye safu mbili: kula hiki, usile kile. Mwisho wa mwezi anapanda mzani kliniki, kilo nne zimekwenda, na kila mmoja anashangaa, maana "alikuwa anafuata masharti".

Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya lishe tunayowapa waliotibiwa saratani inafundishwa mahali pasipo pake, kwa mtu asiye sahihi, na inaanza na swali lisilo sahihi. Inafundishwa chumba cha daktari badala ya jikoni. Anafundishwa mgonjwa, wakati anayeshika mwiko ni binti yake au dada wa kazi. Na inaanza na "asile nini" kabla hatujajua huyu mtu anakula kiasi gani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO linakadiria kwamba Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila mwaka. Wanaopona na wanaoishi na ugonjwa huo wanaongezeka kadiri matibabu yanavyosogea kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road peke yake kwenda hospitali za Bugando, KCMC na kwingineko. Kuwapa dawa za mamilioni ya shilingi, halafu kuwaacha wapungukiwe nguvu kwa sababu ya uji mwepesi, ni hasara ambayo hakuna mhasibu anayeiandika.

Tuanze na kinachotokea mwilini, kwa sababu bila hicho ushauri wote unakuwa maneno matupu. Saratani, na wakati mwingine matibabu yenyewe, huufanya mwili utoe kemikali za kujihami ambazo hupunguza hamu ya kula na papo hapo huchochea kuvunjwa kwa misuli. Ndiyo maana mgonjwa wa saratani hakondi kama mtu aliyefunga. Aliyefunga huanza kutumia akiba ya mafuta na mwili wake huilinda misuli kadiri uwezavyo, ilhali mgonjwa huyu anapoteza misuli mapema, hata kama tumbo na mapaja bado yanaonekana yamejaa. Mama mnene aliyepoteza misuli hatiliwi shaka na mtu yeyote. Anasifiwa kwamba "hajaonyesha ugonjwa", kumbe hawezi tena kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta.

Juu ya hilo huja matibabu. Baadhi ya dawa za kemo, cisplatin ikiwa mojawapo, huacha ladha ya chuma mdomoni. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate na kuchubua mdomo. Mionzi ya fupanyonga wanayopata wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi huwasha utumbo na kuleta kuharisha. Aliyekatwa sehemu ya tumbo hushiba kwa vijiko vitano. Mwili ukiwa umedhoofu, daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha mzunguko unaofuata wa kemo. Kwa hiyo chakula kimo ndani ya hesabu ya tiba, ingawa hakiandikwi kwenye faili.

Sasa tuingie jikoni, tuangalie kikombe kimoja cha uji. Kwa nini uji? Kwa sababu ndicho chakula ambacho karibu kila familia hukimbilia mgonjwa anaposhindwa kula. Uji mwepesi wa kunywa una unga kiasi cha sehemu moja kwa sehemu kumi. Kikombe cha robo lita kina unga wa gramu 25 hivi, yaani kalori zisizofika 100 na protini gramu 2. Miongozo ya kitabibu ya Ulaya inapendekeza mgonjwa wa saratani apate kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mama wa kilo 50 anahitaji basi kalori 1,250 hadi 1,500 na protini gramu 50 hadi 75. Mpe vikombe sita vya uji ule, na kuvimaliza ni kazi, hatafikisha kalori 600, na protini yake itakuwa gramu 12. Anakunywa kutwa, tumbo limejaa, na bado ana njaa. Hakuna aliyemnyima chakula. Aliyepika hakuwahi kuonyeshwa hesabu.

Wengine husema, basi koroga uwe mzito. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni au koo lililobana hawezi kuumeza. Hapa ndipo napenda kuwafundisha watu kimea, ambacho bibi zetu walikitumia kwenye togwa na wataalamu wa lishe wa nchi hii walikihubiri kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa. Ulezi unaoshwa, unalowekwa usiku mmoja, unafunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi uchipue, unaanikwa hadi ukauke, unasuguliwa vichipukizi vitoke, kisha unasagwa. (Nasema ulezi kwa makusudi. Vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi, kwa hiyo asiyejua kuvishughulikia asijaribu.) Unapika uji kwa unga maradufu, unakuwa mzito wa kusimamisha kijiko. Unauepua upoe kidogo, usiwe wa kuchemka, kisha unatia kijiko cha chai cha kimea na kukoroga. Kimeng'enya kilichomo kwenye nafaka iliyochipua hukata wanga vipande vipande, na baada ya dakika chache uji ule mzito unalegea, unamiminika. Haujaongezwa maji hata tone. Unaurudisha motoni uchemke tena, kwa sababu kimea huota kwenye unyevu pamoja na vijidudu na mgonjwa wa kemo hana kinga ya kubahatisha. Mwisho unatia vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga na viwili vya maziwa ya unga. Kikombe kilekile sasa kina kalori zaidi ya 400 na protini gramu 15 hivi. Vitatu kwa siku na mayai mawili, na mama wa kilo 50 amevuka gramu 50.

Akina mama wanapouona uji unalegea mbele ya macho yao bila maji huacha kuniita daktari na kuanza kuuliza maswali ya kweli: je, nikikosa maziwa ya unga? Je, karanga zikipanda bei? Je, baba hataki kitu kitamu? Hakuna karatasi inayoweza kujibu hayo yote. Jiko linajibu. Dagaa waliokaushwa, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, wanatolewa vichwa, wanaoshwa mchanga kwa maji ya moto, wanakaangwa wakauke na kusagwa. Kijiko chake kinaingia kwenye mchuzi au mboga ya majani, na asiyependa harufu hatagundua. Tui la nazi linaingia kwenye ndizi, mchicha au maharage yaliyopondwa. Ukiwa Pwani hilo halihitaji mhadhiri.

Nikitaja karanga lazima niseme la sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwa sababu ni la maisha na kifo. Sumukuvu imethibitishwa kusababisha saratani ya ini, na mwaka 2016 ililipuka Dodoma na Manyara ikaua watu kwa ini kushindwa kufanya kazi. Kukaanga hakuimalizi. Kazi yenyewe hufanyika kwenye ungo: chambua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunda, na usione huruma. Na ule "unga wa lishe" wenye nafaka saba uliosagwa pamoja na karanga, soya na hata dagaa, ukakaa kwenye mfuko miezi miwili, mimi siupendekezi hata kidogo. Karanga ikisagwa ndani ya unga mafuta yake huchacha haraka, na huwezi tena kuona iliyooza ni ipi. Nunua unga wa nafaka moja, vitu vingine vitie kwenye sufuria siku unapopika.

Sasa nirudi kwenye zile marufuku. Sukari ndiyo inayoongoza. Wanaoihofia wana chembe ya ukweli: tangu miaka ya 1920 Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hula glukosi kwa pupa kuliko seli nyingine, na kipimo cha PET kinatumia tabia hiyohiyo kuzionyesha. Kosa liko kwenye hitimisho. Damu haiwezi kukaa bila glukosi, ubongo utazima. Usipokula wanga, ini litatengeneza glukosi kutokana na protini, na protini hiyo inatoka kwenye misuli. Misuli ni kibubu cha mwili: ukimnyima mgonjwa ugali, wali na matunda ili "kuinyima saratani", mwili unavunja kibubu na saratani inapata sukari yake vilevile. Hilo halimaanishi soda ni chakula. Mtu aliyemaliza matibabu na anaongezeka uzito apunguze soda, juisi za pakiti na chai ya vijiko vinne, kwa sababu unene wenyewe unaongeza hatari ya saratani kadhaa, ya matiti baada ya kukoma hedhi ikiwemo. Lakini mgonjwa anayekonda aliyeomba vijiko viwili vya sukari kwenye uji apewe, bila hotuba.

Nyama nayo inapigwa marufuku kana kwamba ni tumbaku. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, katika ripoti yake kubwa ya mwaka 2018, haukusema nyama nyekundu isiliwe. Ulisema isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki, na nyama za viwandani kama soseji ziliwe kidogo sana, au zisiliwe kabisa. Familia ya watu sita inayonunua nusu kilo Jumapili haijafika hata robo ya kiwango hicho kwa kila mtu. Kumnyang'anya mgonjwa mwenye upungufu wa damu vipande vyake viwili ni kumlinda na hatari asiyokuwa nayo.

Majani ya mstafeli nitayasema kwa ukali kidogo. Vipo vipimo vya maabara vinavyoonyesha dondoo zake zinaua seli za saratani kwenye vyombo. Vitu vingi huua seli kwenye chombo, jiki ikiwemo. Hakuna utafiti wa kuaminika kwa binadamu unaoonyesha kwamba majani hayo yanaponya, na kuna sababu ya kuogopa: mwaka 1999 watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe walihusisha ulaji wa mara kwa mara wa matunda na chai ya mimea ya jamii hiyo na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson. Tunda lenyewe mara mojamoja halina neno. Kuchemsha majani kila asubuhi huku ini linashughulika na kemo ni jambo jingine, na daktari aambiwe. Wagonjwa wengi hawasemi kwa sababu tumewazoesha kukaripiwa.

Upande wa pili kuna kosa letu sisi wataalamu, la kukipa chakula sifa isiyo yake. Nchini Marekani wanawake 3,088 waliotibiwa saratani ya matiti katika hatua za mwanzo waligawanywa makundi mawili. Moja likafundishwa na kusimamiwa kula mboga na matunda kwa wingi mno na mafuta kidogo. Baada ya miaka saba hivi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba saratani ilirudi kwa kiwango kilekile katika makundi yote mawili. Kwa hiyo mtaalamu anayekuambia kwamba mlo wake utazuia saratani isirudi anakuuzia kitu asichonacho. Chakula kinakupa nguvu ya kumaliza matibabu, kinarudisha misuli, kinalinda moyo na kushusha hatari ya kisukari ambayo nayo inaua waliopona saratani. Hayo yanatosha. Hayahitaji kuongezewa muujiza.

Karatasi moja kwa wote ina ubaya mwingine: haijui tofauti ya mtu na mtu, wala ya mwezi na mwezi. Inasema kula dona, maharage na mboga nyingi. Mpe ushauri huo mwanamke aliye katikati ya mionzi ya fupanyonga, na kuharisha kutamlaza. Kwa wiki zile wali, viazi, ndizi za kupika, samaki na supu nyepesi ndivyo vinavyokaa, na dona itarudi taratibu utumbo ukitulia. Mwenzake wa saratani ya matiti anayetumia dawa ya tamoxifen, ambaye hedhi imekoma kwa kemo, shida yake ni kuongezeka uzito. Kumwambia "kula ushibe upate nguvu" ni kumzidishia. Yeye anahitaji kufundishwa kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, na kujaza nusu ya sahani mboga. Pombe aiache au aipunguze sana. Soya, ambayo wengi humkataza, katika kiwango cha kawaida cha chakula haijaonekana kumdhuru. Na yule wa saratani ya umio, ugonjwa ulioenea kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi kusini mwa Afrika, ajifunze yeye na familia yake kuacha chai na uji vipoe. Mwaka 2016 vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 viliwekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Kwetu chai isiyounguza ulimi huitwa imepoa, kwa hiyo hapa tunapambana na tabia ya nyumba nzima.

Kuna pia jambo la usafi, ambalo huwa linapotoshwa kuwa "asile kitu kibichi kabisa". Mgonjwa ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka anaweza kula papai alilomenyewa na mtu aliyenawa mikono. Asichohitaji ni kachumbari ya kibandani, juisi ya miwa ya barabarani, maziwa yasiyochemshwa, mayai yasiyoiva, na kiporo kilicholala mezani. Mlinde na kipindupindu na taifodi, usimlinde na matunda.

Je, kufundishia jikoni kunaleta matokeo? Jijini New York wanawake 70 wenye asili ya Amerika ya Kusini na Karibiani, waliotibiwa saratani ya matiti, waligawanywa. Kundi moja likapata mafunzo ya wiki 12 kwa lugha yao ya Kihispania, ya kupika vyakula vyao wenyewe na kwenda sokoni pamoja na wakufunzi. Miezi sita tangu waanze, kundi hilo lilikuwa linakula matunda na mboga zaidi waziwazi kuliko wenzao waliopewa maelekezo ya maandishi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba wataishi muda mrefu zaidi, wala watafiti hawakudai hivyo. Ulionyesha kwamba mtu aliyepika anabadilika, na aliyesomeshwa anabaki alivyo.

Sisi hatuhitaji kwenda New York kujifunza hilo. Maonyesho ya mapishi yamefanyika kwenye kliniki za mama na mtoto kwa miongo, na leo tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambako watoto hupimwa na akina mama huonyeshwa kupika. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973. Halmashauri zina maafisa lishe. Kinachokosekana ni daraja kati ya wodi ya saratani na watu hao. Mgonjwa wa Namtumbo anaruhusiwa Dar es Salaam akiwa na barua ya daktari isiyotaja chakula, na afisa lishe wa wilaya yake hajui kwamba yupo. Ningetaka fomu ya ruhusa iwe na mistari mitatu tu: uzito wa siku alipoanza matibabu na wa leo, shida yake kuu ya kula, na lengo la uzito. Nakala moja iende halmashauri.

Hospitalini kwenyewe, siku za kliniki watu hukaa kwenye mabenchi saa nyingi wakisubiri kuitwa. Jiko moja la gesi, sufuria mbili, mzani wa jikoni na kikombe cha kupimia vinatosha kuanza. Ndugu waitwe mbele wapike wao, mtaalamu asimame pembeni. Isipikwe karibu na waliotoka kwenye dripu, kwa sababu harufu ya kitunguu kinachokaangwa itawatapisha. Wanaofundisha wawe pamoja na waliopona, kwani mama aliyewahi kushindwa kumeza anajua kwamba kijiko cha plastiki hupunguza ile ladha ya chuma, na kwamba ndimu na ukwaju huamsha ulimi lakini huchoma vidonda. Wanaume nao wavalishwe aproni. Nimewaona wagane waliopona saratani ya tezi dume wanaoishi kwa chipsi na chai kwa sababu hawajawahi kuwasha jiko maishani mwao, na hakuna aliyefikiri kuwauliza.

Vifaa hivyo vyote havifiki bei ya dozi moja ya baadhi ya dawa tunazoagiza kutoka nje, kwa hiyo kisingizio cha fedha sikipokei.

Nawe msomaji, kama unauguza mtu, kliniki ijayo nenda na yule anayepika nyumbani, hata akiwa ni dada wa kazi. Uliza uzito wa mwezi uliopita na wa leo, uuandike wewe mwenyewe kwenye daftari. Ukipewa karatasi, irudishe mezani kwa adabu na umwombe mtaalamu amweleze huyo mpishi, kwa vikombe na vijiko, kesho asubuhi apike nini.